Alasiri ya Desemba na kengele ya mwisho

Assalamu alaykum ndugu zangu. Kila msimu wa ajira za walimu ukianza napata meseji za vijana wanaotaka kuja kufundisha nje, na swali huwa lilelile, je wataniruhusu kuswali? Kwa niliyoyaona mimi kuruhusiwa sio shida kubwa, shule nyingi ukiongea nao kiungwana utapewa kachumba ukaswali. Shida yetu walimu ni kwamba muda sio wetu. Mtu wa ofisini ananyanyuka dakika kumi anarudi na wala hakuna aliyemuuliza, ila wewe una darasa zima la watoto mbele yako na huwezi kuwaacha peke yao hata kama umebanwa na haja, kwahiyo unaendeshwa na kengele, na jua nalo halisubiri kengele ya mtu.

Na hapa ndipo sisi tuliokulia karibu na ikweta tunapochanganyikiwa, manake tumezoea mwaka mzima nyakati zinasogea kidogo tu, unaswali bila hata kutazama saa. Huku kaskazini sivyo kabisa. Chukua London mwishoni mwa Desemba, adhuhuri inaingia kama saa 6 mchana, alasiri kwa sisi Washafii, yaani tunaofuata madhehebu ya Shafii, ni saa 8 kasorobo hivi, na kabla ya saa 10 jua limeshazama. Sasa piga hesabu ya mwalimu: adhuhuri unaipata mapumziko ya chakula, sawa, ila alasiri inaingia uko katikati ya kipindi cha mchana, watoto wanaondoka saa 9 na ushee, na kabla hujafunga mlango wa darasa unaitwa kikao cha walimu, au mzazi kasimama koridoni anataka kuongea habari za mwanawe, na ukitupa jicho dirishani unaona mwanga unaisha. Hiyo nusu saa ndiyo ngumu kuliko zote kwenye mwaka wa mwalimu Muislamu, na hakuna anayekuambia kabla hujaja.

Kiangazi mambo yanageuka. Juni saa za nchi nzima zimeshasogezwa mbele kwa saa moja, adhuhuri inaingia saa 7 na dakika chache, yaani mapumziko ya chakula yakiwa saa 6 mpaka saa 7 yanaisha hata wakati haujaingia, lakini usihangaike kwa sababu alasiri ni karibu saa 11 na nusu, unamaliza kazi zako zote unaswali adhuhuri yako kwa utulivu shule ikiwa kimya. Kazi inahamia usiku, magharibi ni saa 3 na dakika 20 usiku, na isha ndio usiseme, ukiwa juu ya latitudo 48 na nusu hivi kuna wiki za katikati ya mwaka giza haliingii sawasawa kabisa, ndio maana utakuta apu mbili za simu zinatofautiana isha na alfajiri, kila moja inatumia hesabu yake ya nyuzi (digrii) ambazo jua limeshuka chini ya upeo. Fuata msikiti unaoswali, usikae kuhangaika na simu.

Kwa hiyo ushauri wangu, kabla hujasaini mkataba, chukua nyakati za sala za mji unaoenda za mwezi wa 6 na za mwezi wa 12, uziweke pembeni ya ratiba ya shule, utajua mwenyewe unahitaji nini. Alafu omba kitu kidogo chenye jina. Usiende kwa mkuu wa shule na hotuba ya haki za dini, mwambie Novemba mpaka Januari naomba dakika kumi kabla kikao hakijaanza, basi, mtu akisikia dakika kumi na miezi mitatu anaweza kusema ndio palepale. Na kwa sala ya Ijumaa usimsumbue mkuu, mtafute yule anayepanga ratiba ya vipindi, yeye ndiye mwenye funguo, ukimfuata kabla hajaanza kupanga ni rahisi kukuachia kipindi kimoja wazi baada ya chakula, ila ukimfuata muhula umeshaanza unamwambia abomoe nyumba.

Dada zangu mnaovaa hijabu nyie mna la ziada la kuuliza, tena kwa maandishi. Nchi hazifanani. Ufaransa kwa mfano ile sheria ya 2004 ilihusu wanafunzi wa shule za serikali, lakini mwalimu wa shule ya serikali naye haruhusiwi kwa sababu anahesabiwa mtumishi wa umma anayetakiwa asionyeshe dini yake kazini. Uingereza hapo ng'ambo tu walimu wanavaa na wanafundisha.

Udhu nao. Choo cha walimu kina sinki moja fupi, watu wanaingia na kutoka, na kuinua mguu mpaka kwenye sinki huku mwenzako anasubiri kunawa mikono kunamtia kila mtu aibu, sakafu inalowa, mtu anaweza kuteleza. Dini imeshatupa njia, vaa khofu, yaani soksi za ngozi, asubuhi ukiwa na udhu kamili, ukienda kutawadha shuleni unapangusa juu yake tu kwa mkono uliolowa, mkaazi, yaani asiye safarini, anaruhusiwa hivyo siku moja na usiku wake. Mimi baridi ikianza sitoki bila khofu zangu, naingia naosha uso na mikono napangusa kichwa na khofu natoka, mtu wa pembeni anadhani nimenawa uso tu. Na hapo nimesema mkaazi makusudi, kuna ndugu wanafika na mkataba wa miaka miwili bado wanapunguza sala eti wako safarini. Kwa Shafii ukinuia kukaa siku nne kamili, ukiacha ya kufika na ya kuondoka, safari imeisha, unaswali rakaa nne kama wenyeji.

Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwahiyo miaka hii inaangukia baridi na siku ni fupi, na 2030 itatuingilia mara mbili, Januari na tena mwisho wa Desemba. Njaa haisumbui, kinachosumbua ni sauti. Koo linakauka kufikia mchana, ndio maana somo jipya na maelezo marefu nayaweka asubuhi, mchana wanaandika, wanafanya kazi za vikundi, mimi napita kwenye meza zao naongea kwa sauti ya chini.

Kinachowatatiza sana wenzetu wasio Waislamu ni Idi, wanakuuliza ni lini unawaambia tunasubiri mwezi, wao wanataka tarehe ili watafute mtu wa kushika vipindi vyako. Naandika barua pepe mapema muhula ukianza, naomba siku zote mbili, nasema wazi nitachukua moja na nyingine nitaingia kazini kama kawaida, na usiku wa kuandama mwezi natuma meseji. Masomo ya siku zote mbili nayaacha tayari mezani. Mwalimu mwenzangu wa hisabati ndiye anayenishikia darasa, nami wiki ya mwisho kabla ya Krismasi namshikia zamu zake zote za uwanjani ili awahi kwao, na mwaka huu yeye ndiye aliyeanza kuniuliza, Idi yenu ni Ijumaa au Jumamosi nijipange?