Jumatatu ya Bibi Afya: Siku Moja Maishani Mwangu Hapa Moshi

Simu ya kwanza ya Jumatatu hii ilinikuta saa 11:40 alfajiri nikiwa jikoni nakoroga uji wa watoto. Aliyepiga ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa mmoja ulioko chini ya reli, msichana mdogo kwangu kwa umri lakini mwenye macho makali kuliko wengi wetu tulioisomea kazi hii. "Shikamoo dada, samahani kwa kukusumbua mapema. Huku kuna nyumba ya wapangaji, watu watatu wanaharisha tangu juzi, na mmoja ni mtoto wa miaka miwili."

Nilimuuliza maswali ambayo huulizwa kabla ya jambo lingine lolote: choo kinafanana na maji yaliyooshea mchele, kina damu, wanatapika, walikula pamoja kwenye shughuli yoyote, na maji ya kunywa wanayapata wapi. Alijibu kwamba damu hakuna, kutapika ni kwa mtoto tu, shughuli hawakuhudhuria, na maji ni ya bomba la uani. Nikamwomba amsindikize mama na mtoto zahanati wakati huohuo bila kunisubiri, na njiani mtoto aendelee kunyweshwa maji ya chumvichumvi kidogo kidogo, kwa sababu mtoto wa umri huo akiishiwa maji mwilini hatoi muda mrefu wa kufikiri.

Cheo changu kwenye karatasi ni afisa afya mazingira, ila mitaani hakuna anayekitumia. Wanaume wa kada yetu ni mabwana afya na sisi ni mabibi afya, na kwa wazee jina hilo bado linamaanisha mtu aliyekuja kuchungulia choo. Hawajakosea sana. Manispaa ya Moshi ina kata 21, na katika zile ninazozihudumia nimeshachungulia vyoo ambavyo idadi yake sitaki kuikumbuka.

Saa 1:30 asubuhi nilikuwa ofisini. Jumatatu ni siku ya taarifa ya wiki: vituo vya afya hufunga hesabu zao Jumapili, na sisi hupitia idadi ya wagonjwa wa magonjwa yanayofuatiliwa, kituo kwa kituo, kabla hazijapanda ngazi nyingine. Kuharisha kwa kawaida huhesabiwa kwa wiki, lakini mgonjwa anayehisiwa kuwa na kipindupindu hutolewa taarifa ndani ya saa 24, hata kama maabara haijasema neno. Mratibu wetu wa ufuatiliaji wa magonjwa alinisikiliza, akaangalia takwimu za zahanati ya mtaa ule, akakuta kwamba wiki iliyopita waliharisha wengi kidogo kuliko wiki iliyotangulia. Ni mwezi wa masika, na katika masika ongezeko dogo halishangazi, lakini pia halipuuzwi. Tulikubaliana nianze na soko, ambalo lilikuwa kwenye ratiba na liko njiani, kisha niende kwenye nyumba ile.

Mkobani niliweka kisanduku cha kupimia klorini (dawa ya kuua vijidudu kwenye maji), chupa safi za sampuli, glavu, vidonge vya kutibu maji, na kitabu cha notisi chenye nakala tatu tatu. Hicho cha mwisho ndicho kizito kuliko vyote. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inanipa uwezo wa kuingia, kukagua, kuagiza marekebisho na kumfikisha mkaidi mahakamani, na bado siku yangu karibu yote hupita katika kuomba, kubembeleza na kueleza.

Saa 2:50 nilikuwa soko la Mbuyuni upande wa mama lishe. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha tope, na moshi wa kuni ulikuwa chini chini. Nilianza na vyeti, kwa kuwa anayeshika chakula cha watu anatakiwa kupimwa afya kila baada ya miezi sita, na karatasi hizo baadhi yao huzihifadhi kwenye kopo la unga, sijui ni kwa ajili ya usalama au kwa matumaini kwamba sitaliomba kopo hilo. Wanne walikuwa sawa. Wa tano cheti chake kilikuwa kizima, ila beseni lake la kusuuzia sahani lilinifanya nichuchumae. Juu ya maji palikuwa na utando wa mafuta wenye rangi za upinde wa mvua, punje tatu za wali zikielea, na sahani zilizotoka humo zilikuwa zinapangwa moja kwa moja mbele ya wateja.

"Mama, maji haya umeyabadilisha saa ngapi?"

"Ya asubuhi, bibi afya. Maji nanunua ndoo, na ndoo zenyewe naletewa na mkokoteni."

Hapo ndipo kitabu cha notisi hukaa mkononi kama swali. Ningeweza kumzuia asipike siku hiyo. Ninachokijua baada ya miaka kadhaa ni kwamba mama lishe aliyefungiwa haendi nyumbani kupumzika. Sufuria zilezile huhamia kwenye kona nyingine ambako simwoni, zikiwa na beseni lilelile. Kwa hiyo tulipiga hesabu pamoja. Ndoo moja yenye koki na mfuniko, ikiinuliwa juu ya kigoda, humwaga maji kidogo kidogo na hutumia maji machache kuliko beseni la kubadilisha kila mara. Alikubali kununua kabla ya Jumatano, na beseni la mafuta akalimwaga nikiwa palepale. Jirani yake, ambaye hakuulizwa, alisema kwamba Jumatano angemkumbusha yeye mwenyewe, kwa sauti iliyonionyesha kuwa biashara yao haina urafiki mwingi.

Saa 4:20 nilifika kwenye nyumba ya wapangaji. Vyumba vinane vinatazamana, uani kuna choo kimoja, kamba za nguo na bomba moja lililofungwa kwenye nguzo ya mti. Choo chenyewe sikukilaumu: sakafu ya saruji, mlango unaofunga, dumu la maji na kipande cha sabuni. Moshi imesifika nchini kwa usafi na imeshinda mara kadhaa mashindano ya usafi wa mazingira, na kwa barabara za katikati ya mji sifa hiyo ni halali kabisa. Huku nyuma ya nyumba ndiko sifa inakopimwa upya kila masika.

Nilifungua bomba, nikaacha maji yatiririke kidogo, kisha nikajaza kijichupa cha kipimo na kutia kidonge chake. Kidonge hicho kikikutana na klorini hugeuza maji kuwa ya waridi, na kadiri klorini ilivyo nyingi ndivyo rangi inavyokolea. Kwenye bomba la mlaji tunatarajia miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Kidonge kiliyeyuka, nikatikisa, nikakiinua kijichupa kwenye mwanga. Maji yalibaki meupe kama nilivyoyachota. Nikarudia nikidhani nimekosea. Meupe.

Nilivuka uchochoro na kuomba maji ya bomba la jirani, anayehudumiwa na mtandao uleule. Hayo yaligeuka waridi papo hapo, yakasoma kati ya 0.2 na 0.4. Hapo nikajua kwamba maji yalikuwa yanafika mtaani yakiwa salama na kupoteza ulinzi wake mahali fulani kati ya mita na nguzo ile ya mti, yaani katika mita kama thelathini ambazo si za mtu mwingine ila mwenye nyumba.

Tulilifuata bomba mimi, mhudumu wa afya na mvulana mmoja mpangaji aliyevua viatu. Lilitoka kwenye mita, likapita chini ya ukuta, kisha likashuka ndani ya mfereji wa maji machafu na kutembea humo kama mita nne kabla ya kuingia uani. Mvulana akaondoa majani na mfuko uliooza, na tukaona kiungo kilichofungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli, umezungushwa mara nyingi na kukazwa kwa waya. Maji yalikuwa yanachuruzika pale taratibu. Watu wengi huamini kwamba bomba linalovuja linatoa tu, haliingizi. Ni kweli maadamu maji yana msukumo. Yakikatika, bomba hubaki na utupu na kuvuta kilicho nje, na kilichokuwa nje hapa ni maji ya kuoshea nepi, mabaki ya jikoni na mvua iliyopita juu ya kila kitu cha mtaa. Wapangaji walithibitisha kwamba Ijumaa maji yalikatika kwa saa kadhaa.

Mwenye nyumba aliitwa akaja, mzee wa heshima zake mwenye kofia ya sufi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akatazama mfereji.

"Mwanangu, kiungo hicho kina miaka saba. Hakijaua mtu."

"Ni kweli, meku," nilimwambia, nikimwita mzee kwa Kichaga. "Lakini mwaka huu kimeugua, na kimeugulia ndani ya matumbo ya wapangaji wako."

Alicheka kidogo, nami nikatumia nafasi hiyo. Nilimwonyesha vijichupa viwili, cha kwake cheupe na cha jirani cha waridi, na nadhani rangi hiyo ilifanya kazi kuliko kifungu chochote cha sheria. Kitabu kilikuwa wazi, jina lake nimeshaliandika, tarehe na saini bado. Nilimweleza kwamba nikisaini atakuwa na saa 24 za kurekebisha, na kwamba fundi bomba akifika kabla ya saa 9 alasiri ukurasa ule utabaki bila saini. Akatoa simu akampigia fundi hapohapo, wakabishana bei mbele yetu kwa Kichaga, lugha ambayo mimi pia naielewa, jambo lililopunguza urefu wa mabishano.

Saa 7 mchana nilikula mtori kwenye hoteli ambayo jiko lake nalijua. Kazi hii imenipunguzia sana idadi ya mahali pa kula.

Saa 7:50 nilikuwa zahanati. Mtoto alikuwa amepakatwa na mama yake, macho yameanza kurudi mahali pake, na muuguzi alikuwa anamwanzishia zinki, ambayo huendelezwa kwa siku 10 hadi 14 hata kuharisha kukikoma. Wazazi wengi huiacha siku ya tatu, kwa hiyo tulimrudia mama huyo maelezo hayo mara mbili. Kipimo cha haraka hakikuonyesha kipindupindu. Sampuli ilifungwa na kupelekwa maabara hata hivyo, kwa sababu kipimo cha haraka ni cha kuamulia hatua ya leo, na kuotesha vimelea ndiko kunakothibitisha. Nilipokuwa natoka aliingia baba na kijana aliyeng'atwa na mbwa, jeraha limepakwa unga wa mkaa na pilipili. Tulimpeleka kwenye koki tukaliosha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 za saa, si za makadirio, huku muuguzi akiandaa utaratibu wa chanjo. Nilichukua maelezo ya mbwa mwenyewe, ambaye hana mwenye kumkiri, ili nimfikishie mwenzetu wa mifugo.

Saa 9:10 alasiri nilirudi kwenye nyumba. Fundi alikuwa amekata kipande chote cha mferejini, ameweka bomba jipya na kulipitisha juu ya mfereji ndani ya bomba pana la chuma, bila kiungo hata kimoja katikati. Tulifungua maji yakamwagika kwa muda mrefu, tukaosha ndoo na madumu ya vyumba vyote vinane, kisha nikapima. Safari hii kila mpangaji aliyekuwepo alitaka kukishika kijichupa. Kilikuwa cha waridi.

Niligawa vidonge kwa siku chache za tahadhari: kimoja kwa ndoo ya lita 20, funika, subiri dakika 30 ndipo unywe. Mama mmoja alikikataa chake waziwazi, akasema amesikia kwamba vidonge hivyo vinafunga kizazi. Sikumcheka, maana uvumi huo tumekutana nao mara nyingi. Nilimwomba kikombe, nikatia kidonge kwenye ndoo, nikasubiri dakika 30 nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake tukizungumzia bei ya ndizi, nikanywa maji ya ndoo ileile, nikamwambia idadi ya watoto wangu na kwamba maji hayo nayanywa tangu nisome chuo. Alikipokea kidonge. Kama alikitumia nitajua nikirudi kupima ndoo.

Saa 11 jioni niliandika taarifa: wagonjwa watatu, kaya mbili, chanzo kinachohisiwa, hatua zilizochukuliwa, sampuli inasubiriwa, kurudi Jumatano. Ukurasa wa notisi niliupiga mstari.

Saa 2:30 usiku, wakati watoto wamekwisha lala, simu iliita. Ilikuwa namba ya mwenye nyumba. Alinishukuru kwa upole, akauliza hali ya mtoto, kisha akafika alikokuwa anakwenda: je, gharama ya bomba anaweza kuigawa kwa wapangaji kwenye kodi ya mwezi ujao? Nilimwambia kwamba hilo sheria yangu haikunipa mamlaka ya kuliamua. Kisha nikavuta kiti, nikakaa, nikaanza kumbembeleza.