Mita 12,000

Jana jioni binti yangu alikuwa akilehemu waya za redio anayoiunda kwa ajili ya somo la fizikia, na moshi mwembamba wa utomvu uliponifikia puani, niliacha nilichokuwa nikiandika. Aliniuliza ni nani aliyenifundisha kulehemu. Nilimjibu kwa kifupi kwamba nilijifunza kazini, jibu ambalo ni la kweli lakini halitoshi, kwa maana tangu hapo usiku ule wa chini ya mnara haujaniondoka.

Siku moja kabla ya usiku huo nilikuwa nimesimama mbele ya wanakijiji nikieleza uhuru wa aina nne ambao programu huria humpa mtumiaji: kuitumia kwa kusudi lolote, kuichunguza na kuibadilisha, kugawa nakala zake, na kugawa hata nakala alizozibadilisha mwenyewe. Niliwasimulia jinsi wakulima na wakazi wa Catalonia, nchini Hispania, walivyoanza mwaka 2004 kujenga mtandao wao, Guifi.net, kwa kuunganisha nyumba hadi nyumba bila kungoja kampuni iwafikie. Mpango wetu ulikuwa mdogo zaidi. Tulikusudia kuvuta intaneti ya laini moja kutoka mjini kwa mawimbi ya redio, kisha zahanati, shule na kaya zilizo karibu zigawane gharama, ili mtu asilazimike kununua bando lake peke yake kila mara.

Nilipomaliza, bibi mmoja aliyeongoza kamati ya zahanati aliinua mkono. "Mwanangu," alisema, "mimi sijui kuandika hata mstari mmoja wa programu. Uhuru huo ni wangu kwa namna gani?" Nilimjibu kwa maneno mengi, na nilipokaa nilijua kwamba sikuwa nimemjibu.

Kesho yake tulifunga antena. Umbali kati ya minara miwili ulikuwa kilomita 12, hapakuwa na mti wala kilima kilichoziba njia, na nguvu ya mawimbi ilikuwa nzuri kuliko tulivyotarajia. Hata hivyo data haikupita. Tulikaza nyaya, tukageuza antena kidogo kidogo, tukabadilisha chaneli, na jua likatuchwea pale pale.

Chanzo tulikigundua gizani. Katika Wi-Fi, kila pakiti, yaani kipande kidogo cha data, inayotumwa kwa kifaa kingine lazima ipokelewe na kuitikiwa, na kifaa kilichotuma husubiri mwitikio huo kwa muda mfupi sana kabla ya kuamua kwamba pakiti imepotea. Mawimbi ya redio husafiri takriban mita 300 kwa mikrosekunde moja, kwa hiyo kilomita 12 za kwenda na 12 za kurudi zilihitaji mikrosekunde 80. Ruta zetu, yaani vifaa vya kupitishia intaneti tulivyoviunganisha na antena, zilitengenezwa kwa ajili ya vyumba vya nyumba moja. Zilikuwa zikikata tamaa kabla mwitikio haujarudi, zinatuma upya, zinakata tamaa tena. Ulihitajika mpangilio mmoja tu, wa kuiambia ruta umbali halisi, na mtengenezaji alikuwa ameufungia ndani ya programu ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuifungua. Kifaa tulikuwa tumekinunua kwa fedha zilizochangwa na watu wale, lakini uamuzi wa kifaa hicho kisubiri kwa muda gani haukuwa wao.

Katika kompyuta yangu nilikuwa na nakala ya OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta, iliyolingana na ruta hizo. Kwa kuwa ruta zilikataa programu yoyote isiyotoka kwa mtengenezaji, tulilazimika kufungua kifuniko, kulehemu pini tatu kwenye ubao wa umeme na kuingilia huko. Mwenzangu alinishikia ubao, akanielekeza jinsi ya kugusisha chuma na kukiondoa upesi. Bibi yule alikuwa hajaondoka. Alichukua tochi, akamulika mikono yangu kwa muda mrefu bila kutetereka, huku moshi ukimpita usoni, wala hakuuliza neno mpaka nilipokuwa nikiandika kwenye kompyuta mstari ule uliotukosesha mchana mzima: umbali, mita 12,000.

"Aliyetengeneza mstari huo unamfahamu?"

Nilimwambia simfahamu, wala yeye hanifahamu. Nikamweleza kwamba programu hiyo ilianza mwaka 2004, baada ya msimbo, yaani maandishi ya programu, wa ruta moja ya kampuni ya Linksys kutolewa hadharani mwaka uliotangulia, kwa sababu ndani yake mlikuwa na Linux, programu huria ya kuendeshea kompyuta, na leseni ya Linux, yaani GPL, humlazimu anayeigawa kutoa pia msimbo wake.

"Na kesho akibadili nia?"

"Nakala hii hawezi kuichukua tena, Bibi. Leseni imekwisha kutupa."

Alinyamaza, akasogeza tochi karibu zaidi. Asubuhi tulikwenda kufanya kazi hiyo hiyo kwenye mnara wa pili, na kabla ya adhuhuri zahanati ilikuwa hewani.

Kwa miaka mingi nimelisimulia tukio hilo kama jibu la swali lake, na kila mara nimeishia hapo. Sijazoea kusimulia kwamba baada ya miaka mitatu radi iliunguza ruta ya kijijini, na bibi akanipigia simu. Kijana niliyemfundisha kuitunza alikuwa amehama. "Mwanangu," aliniuliza, "ule mstari sasa ni nani wa kuuandika?" Msimbo ulikuwepo, wazi kwa yeyote, na leseni haikuwa imebadilika hata herufi moja, lakini kwa wiki tatu zahanati ilikaa bila mtandao ikinisubiri mimi, kama ambavyo ingemsubiri mtengenezaji.

Katika safari hiyo ya pili sikugusa chuma cha kulehemu. Wasichana wawili wa shule walifanya kazi yote, pini moja ikawang'okea mara mbili, na usiku ulikuwa umeingia walipofika kwenye mstari wa umbali. Mimi nilishika tochi. Sijui kama wote wawili bado wanaishi pale.