Mama wa Kwenye Insha na Mama Yangu

Nilijifunza kuandika kwa ajili ya mtihani. Katika shule za msingi za Kenya wakati wetu, insha ya Kiswahili ya darasa la 8 ilikuwa na dakika 40 na alama 40, na sisi tuliozitamani alama za juu tulikuwa na daftari la kuhifadhia mapambo: tashbihi, methali, misemo na tanakali za sauti, zote zikiwa tayari kupachikwa popote. Hakuna aliyeamka katika insha zetu. Kila mtu alirauka. Hakuna aliyekimbia, kila mtu alisema miguu niponye, akatimua mbio mithili ya duma. Siwalaumu walimu wangu, kwa maana walinifunza upatanisho wa kisarufi kwa ukali ninaonufaika nao hadi leo, lakini nilimaliza shule nikiamini kwamba kuandika vizuri ni kuchota katika daftari lile.

Miaka mingi baadaye nilianza hadithi fupi kuhusu mama yangu, aliyetulea kwa kuuza mahamri na mbaazi kwenye kibaraza cha nyumba yetu mjini Mombasa. Rasimu ya kwanza ilifunguka hivi: "Mama alirauka alfajiri ya Mungu, jogoo wa kwanza alipowika, akajifunga kibwebwe na kuchapa kazi kama mchwa." Nilimsomea jioni moja akichambua mbaazi kwenye uteo. Alisikiliza hadi mwisho, mikono yake ikiendelea kuokota vijiwe, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, huyu mama yuwafanyani hata achoke hivi?"

Niliisoma tena rasimu usiku huo nikitafuta jibu, nikakuta halimo. Kurasa 6 nzima za kuchapa kazi, na hapakuwa na kazi yoyote ambayo msomaji angeweza kuiona. Maneno yale yangemfaa mama yeyote, mkulima au mfua nguo, na kwa sababu hiyo hayakuwa yamemgusa wangu.

Nikaamua kuamka naye. Kwa siku kadhaa nilikaa jikoni kuanzia saa 10 za usiku na daftari jipya, nikiandika tu yale ambayo mikono yake ilifanya, na nikajikataza tashbihi hata moja hadi rasimu iishe. Katazo hilo lilikuwa gumu kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa mkono wangu uliandika "kama" kabla jicho halijamaliza kutazama. Lakini kila nilipoikata ile "kama" nililazimika kuangalia tena, na niliona mambo ambayo nilikuwa nimeishi nayo tangu utotoni bila kuyajua. Sentensi ya kwanza ikawa hii: "Mama alipofunua sufuria, unga ulikuwa umeumuka hadi ukagusa kitambaa, aliubonyeza kwa kidole kimoja, akasubiri tundu lijizibe, ndipo akanyunyiza unga mkavu juu ya ubao." Hakuna neno la fahari humo. Hata hivyo, nilipoisoma kwa sauti nilimsikia mtu anayesema, na mtu huyo alikuwa mimi.

Kusoma kwa sauti ndiko kulikonifunza mengi zaidi. Nilikuwa nimelelewa pia na mashairi ya redioni, na sikio langu lilizoea mizani 8 kwa 8, yaani silabi 8 katika kila nusu ya mstari, kwa hiyo sentensi zangu za nathari zilikuwa zikikatika pale pale kila mara bila mimi kukusudia, zikawa na mwendo wa kuazima. Nilianza kuupima urefu wa sentensi kwa kazi yenyewe. Kukanda unga kwa tui la nazi ni kazi ndefu isiyo na kituo, na nikaiandika kwa sentensi moja inayokwenda na kurudi hadi unga uachane na vidole. Kukaanga hakusubiri, hamri hutumbukizwa, hufura, hugeuzwa, huopolewa, na hapo sentensi zikawa fupi.

Palibaki suala la lahaja, na hapo nilisita kwa muda mrefu. Mama husema Kimvita, lahaja ya Mombasa: mato kwa macho, ndia kwa njia, moya kwa moja. Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja, uamuzi uliofikiwa mwaka 1928 katika mkutano uliofanyika, jambo ambalo hunigusa kila nikilikumbuka, hapa hapa Mombasa. Shuleni neno "ndia" lilipigwa mstari mwekundu. Lakini mji huu ulikuwa na Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840 na ambaye mashairi yake ya Kimvita bado yanasomwa, na sikuona kwa nini mama asahihishwe ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nilimwacha aseme anavyosema, bila tafsiri pembeni, nami nikasimulia kwa Kiswahili sanifu. Nafasi iliyo kati ya lugha hizo mbili ndimo nilimokulia, na nadhani ndimo sauti yangu inamotoka.

Methali zote niliziondoa isipokuwa moja, "haba na haba hujaza kibaba", kwa sababu mama aliitamka kweli siku ile akihesabu sarafu na kuzitia mkebeni.

Nilipomaliza kumsomea rasimu ya mwisho hakusifu wala hakukosoa lugha. Alinyamaza kidogo, akaniomba nirudie pale penye kinu, kisha akasema, "Iliki haitwangwi pekee. Watia sukari kidogo, ndipo ilainike." Nilirudi mezani usiku ule ule, nikaitia sukari hiyo katika sentensi ya tatu.