Wajina wa Baba

Mdogo wangu amepiga simu kutoka Bukoba. Mkewe amejifungua salama, mtoto wa kiume, na jina tayari lipo: ataitwa Godfrey, jina la marehemu Baba. Mimi ndiye baba mkubwa wa mtoto huyu, na kwetu anayerithi jina husimuliwa habari za aliyemwachia. Za Baba ninazo. Leo nimeshinda nikisoma habari za wale waliolibeba jina hili kabla wamisionari hawajalifikisha kwetu.

Asili yake ni Kijerumani cha kale, Gotfrid, vipande viwili vilivyoungwa: Mungu na amani. Kipande hicho cha amani kimo pia ndani ya Friedrich, Siegfried na Wilfred. Waingereza walilipokea kutoka kwa Wanormandi baada ya mwaka 1066. Cheti cha ubatizo cha Baba kiliandikwa Gotfridi, kadi ya mpiga kura Godfrey, na Bibi alimwita Godi mpaka anafariki.

Amani ya Mungu, basi. Lakini wajina wake wa mwanzo walikuwa watu wa upanga. Yuko mfalme Gudfred wa Wadenmark, ambaye waandishi wa Charlemagne, mfalme wa Wafaranki, walimwita Godofridus kwa Kilatini chao. Mwaka 808 aliuvunja mji wa biashara wa Reric, akawahamishia wafanyabiashara wake kwenye bandari yake ya Hedeby ili ushuru uwe wake. Mwaka 810 merikebu 200 za Wadenmark zilishambulia Frisia, pwani ya Uholanzi na Ujerumani ya leo, na kutoza wenyeji ratili 100 za fedha. Mwaka huohuo aliuawa na mtu wake mwenyewe.

Maarufu kuliko wote ni Godfrey wa Bouillon, na huyu amenikalia moyoni siku nzima. Alizaliwa karibu na mwaka 1060, mtoto wa pili wa mtawala wa Boulogne. Urithi ulitoka kwa mjomba wake, naye Godfrey, aliyeuawa mwaka 1076. Mwaka 1096 aliiweka rehani ngome yake ya Bouillon, ambayo leo iko Ubelgiji, kwa askofu wa Liège, akapata fedha za kuongoza jeshi la Vita vya Msalaba, Wakristo wa Ulaya walipokwenda kuiteka Yerusalemu. Tarehe 15 Julai 1099 walivunja ulinzi wa Yerusalemu, na kikosi chake kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kupanda ukuta. Kilichofuata ni mauaji. Waislamu na Wayahudi wa mji ule walichinjwa majumbani na mahali pao pa ibada, na waandishi wa Kikristo waliokuwepo walisimulia wenyewe bila kuficha.

Wiki moja baadaye wakamchagua awe mtawala. Inasimuliwa kwamba alikataa kuitwa mfalme, kwa kuwa hakutaka kuvaa taji la dhahabu mahali ambapo Yesu alivikwa taji la miiba. Akaitwa mlinzi wa Kaburi Takatifu, akafariki tarehe 18 Julai 1100, na mdogo wake Baldwin akalichukua taji bila kusita. Kwa kukataa kule, Ulaya ilimpenda kwa karne nyingi. Ilimweka katika orodha ya mashujaa tisa wa dunia, pamoja na Mfalme Arthur na Charlemagne, na Brussels ikamsimamishia sanamu juu ya farasi mwaka 1848.

Mimi siwezi. Shangazi yetu aliolewa na Mwislamu wa Kemondo, na binamu zangu husali Ijumaa. Walimwita Baba mjomba, wakambeba jeneza mabegani siku tulipomzika. Nikisoma namna watu walivyouawa ndani ya msikiti, unyenyekevu wa kukataa taji hauniridhishi. Mikono ilikuwa imeshalowa kabla ya taji kuletwa.

Ndipo nikakutana na Godfrey mwingine, ambaye sikuwahi kumsikia hata kanisani: Gottfried wa Cappenberg, bwana tajiri wa Westfalia, Ujerumani, aliyezaliwa karibu na mwaka 1097. Naye alianza vibaya. Mwaka 1121 alikuwa upande wa Lothar wa Saksonia walipouteka mji wa Münster, na moto wa vita ile ukateketeza hata kanisa kuu. Lakini huyu hakutafuta maneno mazuri ya kujifunika. Alikwenda kwa Norbert wa Xanten, mhubiri aliyeanzisha shirika la Wapremontre, na mwaka 1122 yeye na mdogo wake Otto wakatoa ngome ya Cappenberg igeuzwe monasteri. Mkewe Jutta naye akaingia utawa. Baba mkwe, Friedrich wa Arnsberg, alikasirika sana na kutoa vitisho, maana aliona mali ya ukoo inapotea. Hawakurudi nyuma. Gottfried alifariki tarehe 13 Januari 1127, akiwa na umri wa miaka 30 hivi. Kanisa Katoliki linamkumbuka kila tarehe hiyo.

Huyu ndiye nitakayemtaja kwa mdogo wangu. Ngome ni kitu kizito kuachia, hasa ukiwa kijana na wakwe wamekasirika.

Wapo pia wa kalamu. Gottfried Wilhelm Leibniz alizaliwa Leipzig mwaka 1646, miaka 2 kabla ya kwisha kwa vita ya miaka 30 iliyoivuruga Ujerumani. Wanafunzi wa hisabati wanamjua kwa kalkulasi, aliyoanza kuichapisha mwaka 1684, na wa kompyuta kwa hesabu zake za sifuri na moja. Lakini nimempenda zaidi kwa miaka aliyotumia kuandikiana barua na maaskofu, akitafuta Wakatoliki na Walutheri warudi kuwa kitu kimoja. Haikufanikiwa. Alijaribu hata hivyo, na jina lilimfaa.

Godfrey Hounsfield ni wa karne yetu ya jana, Mwingereza aliyekulia shambani na asiyekuwa na digrii ya chuo kikuu. Ndiye aliyebuni mashine ya CT scan. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa London tarehe 1 Oktoba 1971. Baba alipopata kiharusi tulimpeleka Mwanza, akalazwa juu ya kitanda kile kinachoingia ndani ya duara, na daktari akatuonyesha mahali damu ilipovujia. Vipimo vya picha zile huhesabiwa kwa yuniti za Hounsfield mpaka leo. Laiti ningejua wakati ule. Baba alikuwa bado anasikia, na angefurahi kuambiwa kwamba mashine ile ni kazi ya wajina wake.

Hounsfield alipata Nobel mwaka 1979, na mwaka huohuo Godfrey mwingine aliingia ikulu ya jirani. Godfrey Binaisa alikuwa mwanasheria mkuu wa Uganda chini ya Obote miaka ya sitini. Tarehe 20 Juni 1979, miezi michache baada ya majeshi yetu na ya Waganda waliokuwa uhamishoni kumng'oa Amin, rais Yusuf Lule aliondolewa madarakani, kisha Binaisa akawa rais.

Baba wakati huo alikuwa kijana wa Missenyi, ndiyo kwanza wamerudi nyumbani na kukuta askari wa Amin wameng'oa mabati. Habari zilipotoka redioni, kijiji kizima kikamwita Binaisa. Alituambia kwamba alilipenda jina lile, kwa sababu baada ya mwaka ule wa vita alitaka sana kuamini kwamba Godfrey wa Kampala ataleta utulivu ng'ambo ya mpaka. Haikuwa. Binaisa alipojaribu kumwondoa mnadhimu mkuu wa jeshi, Oyite Ojok, wanajeshi wakamwondoa yeye, tarehe 12 Mei 1980. Uchaguzi wa Desemba ukaleta mzozo, na mwanzoni mwa 1981 Uganda ikaingia tena vitani, porini safari hii. Binaisa alikwenda kuishi Marekani, akarudi uzeeni, akafariki mwaka 2010. Baba alizisikiliza habari za msiba ule mpaka mwisho, kisha akatuomba tumwombee yule mzee.