Tulivyorudi Iringa baada ya miaka ishirini

Neno lililotuchelewesha ni "tutapanga". Tuko sita, tulimaliza kidato cha sita Iringa mwaka 2003, na kila harusi au msiba uliotukutanisha uliisha kwa neno hilo. Tulipangia Zanzibar, ikashindikana. Tukapangia Matema, wawili wakaghairi zikiwa zimebaki siku mbili. Kisha tukamzika mama wa mwenzetu mmoja kule Njombe, na usiku ule nilirudi Mbeya na uchungu nisioutegemea. Watu tuliokula kande sahani moja sasa tunaonana makaburini tu.

Safari hii sikuuliza nani ana nafasi lini. Nilitaja tarehe, Ijumaa hadi Jumapili ya mwanzo wa Julai, nikataja na mahali: Iringa. Wawili wanatoka Dar, mmoja Dodoma, mmoja Njombe, na sisi wawili wa Mbeya. Kwa Iringa kila mtu anapanda basi moja asubuhi na kufika jua halijazama. Mwenzetu aliye mhasibu tukamfanya mweka hazina. Kila mshahara ukitoka, unamtumia shilingi 40,000 kwa simu, miezi mitano. Hiyo ni 1,200,000 kwa watu sita: malazi ya siku mbili, Noah ya kukodi na dereva wake, viingilio na chakula. Nauli kila mtu ajitegemee. Na atakayeghairi, hela yake hairudi. Mmoja alininunia kwa sharti hilo wiki nzima. Sikulilegeza, maana nilijua bila hilo tungerudi kulekule.

Kosa langu lilikuwa kwenye malazi. Nilishika vyumba kwa maneno ya simu tu, na siku tatu kabla ya safari nikaambiwa vimepewa wengine. Nilipopata pengine nililipa nusu papo hapo na kudai stakabadhi. Fanya hivyo tangu mwanzo.

Ijumaa jioni nilishuka Ipogolo, pale barabara kuu inapoachana na ile ya kupanda mjini. Baridi ya Julai ikanipokea usoni kama zamani. "Kamwene!" akasema mama wa vitumbua, nami nikaitikia "Kamwene" kabla sijakumbuka kwamba Kihehe changu kiliishia hapo. Wenzangu walikuwa wamekwisha kufika. Hatukulala mpaka saa nane.

Jumamosi tulikwenda Kalenga, kama kilometa 15 kutoka mjini. Hapa nitasema wazi kinachoniuma. Miaka miwili tulikaa jirani na mahali hapa tukikariri habari za Mkwawa, chifu wa Wahehe, kwa ajili ya mtihani: vita ya Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, jeshi la Wajerumani likashindwa na kamanda wao Zelewski akauawa, kisha 1894 Wajerumani wakarudi na mizinga, wakaivunja ngome yake ya Lipuli, hapohapo Kalenga. Alama tulipata. Kalenga yenyewe hatukuwahi kukanyaga.

Ndani ya makumbusho lipo fuvu la Mkwawa, kwenye sanduku la kioo. Mzee aliyetuongoza, tulipomwamkia "shikamoo baba", alitusimulia taratibu, kama mtu anayesimulia habari za nyumbani kwake. Mkwawa alijipiga risasi Julai 1898 ili asishikwe akiwa hai. Kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kifungu cha 246, uliagiza kirudishwe, lakini kilirudi 1954 tu, kikakabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge.

Yule mwenzetu wa Njombe alisimama mbele ya kioo muda mrefu. Tulipotoka akasema, "Mimi mama nilimlaza siku ya tatu. Hawa walingoja miaka 56." Hakuna aliyeongeza neno. Tulimshika mikono, tukaenda hivyo hadi kwenye gari. Nimesoma na kusikia mengi juu ya vita ile, ila uzito wake niliupata pale, kwa kinywa cha rafiki yangu.

Jioni ilikuwa zamu ya Gangilonga, jiwe kubwa lililo juu ya mji. Kwa Kihehe jina hilo ni jiwe linaloongea. Inasimuliwa kwamba Mkwawa alikwenda pale kupata habari za maadui. Sisi tulikwenda na madaftari, siku za mitihani, maana bwenini hapakusomeka. Wa Dodoma ana goti bovu siku hizi, kwa hiyo tulianza kupanda saa kumi na nusu, mapema kuliko walivyotushauri, tukipumzika kila alipotaka. Juu kabisa mji wote uko miguuni: mabati, miti, na huko chini bonde la Ruaha Mdogo. Ndipo mhasibu wetu alipotueleza kwamba alipunguzwa kazini tangu Machi. Miezi yote ile alikuwa anapokea hela zetu, anatoa na yake, hajasema. Tulikaa naye pale mpaka giza likaingia, tukashuka kwa tochi za simu. Tulipofika chini, wa Dar mmoja alikuwa tayari ameahidi kumpeleka kwa mtu anayetafuta mtunza vitabu.

Jumapili tulipita Isimila, kama kilometa 20 kwenye barabara ya Mbeya. Tembea hadi kwenye zile nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, na uende asubuhi kabla jua halijawa kali. Mashoka ya mawe ya watu wa kale yamelala palepale. Tuliambiwa mwaka 1951 mwanafunzi mmoja wa Afrika Kusini aliokota kadhaa ndipo pakajulikana.

Saa sita tukaagana stendi. Wa Njombe, mguu mmoja ukiwa ndani ya basi, akageuka: "Mama aliniachia mianzi. Njooni Februari tunywe ulanzi, pombe yake, ukiwa mbichi." Mhasibu akalitoa daftari lake mfukoni, akalifungua juu ya begi langu, akaandika majina sita.