Tangi la mama: mwezi wa tatu

Wiki hii tangi la kukingia maji ya mvua limejaa hadi shingoni, na ndipo nilipogundua kwamba hesabu yangu ilikuwa mbovu tangu mwanzo.

Nyumba ni ya mama, Chamwino, mkoani Dodoma. Huku tuna msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na mvua ya mwaka mzima ni milimita 550 hadi 600 hivi. Bibi aliishi kwenye tembe. Paa la udongo, maji yakidondoka yananyweka hukohuko. Mama ana bati, mita 10 kwa 8. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwa hiyo mvua moja ya milimita 20 ni lita 1,600, ambazo miaka yote zilikuwa zinatuchimbia mtaro mlangoni.

Desemba tulifunga mifereji ukingoni mwa bati ipeleke maji tangini. Fundi alipima mteremko kwa jicho. Mvua ya kwanza ikashuka saa nane usiku, nikatoka na tochi: maji yote mbio kona ya jikoni, tangi liko kona ya pili. Mama kasimama mlangoni, khanga kichwani. "Mwanangu, maji yako yanakwenda kwa kuku." Asubuhi tulirudia kwa pima maji, kile kifaa cha fundi chenye kiputo, tukashusha sentimita 1 kwa kila mita.

Januari nilihangaika na uchafu. Maji ya mwanzo yalitoka rangi ya chai, vumbi la miezi saba na mavi ya njiwa. Nikasimamisha bomba la inchi 4, urefu wa mita 3, kabla ya tangi. Linameza lita 24 za kwanza. Likijaa, kimpira kilichomo ndani kinaelea na kuziba mdomo, maji safi yanapita juu kwenda tangini. Chini kuna tundu dogo la kulitoa maji taratibu. Tundu huziba tope, nalizibua kwa msumari. Kimpira cha kwanza kiliibwa na mpwa wangu, kikaonekana uwanjani.

Sasa hesabu. Mama na wajukuu wawili wanatumia madumu matatu kwa siku, lita 60. Tangi ni la lita 5,000: likijaa mwisho wa Aprili, Agosti hailikuti na kitu. Kufika Novemba zinatakiwa karibu lita 13,000. Na bati letu kwa msimu, hata nikitoa robo ya kupotea, linashusha zaidi ya 30,000! Miaka yote tunailaumu mvua, kumbe hatuna pa kuiweka.

Tangi jingine la plastiki, mfuko umekataa. Nimenunua waya wa kuku na saruji tujenge la duara, fundi anakuja Jumamosi. Pima maji nitaishika mwenyewe.

Kwa sasa nimekinga maji yanayomwagika kwa kila chombo kilichomo ndani, likiwemo sufuria la pilau, ambalo mama analitaka kabla ya Jumapili.