Upepo Wake Ule Ule

Binti yangu amerudi shule na mchoro wa jahazi, akaubandika ubavuni mwa friji kabla hata hajavua viatu. Tanga limefura kuelekea dirishani, bendera inapepea kuelekea mlangoni. "Mama, nimeweza?" Nikamwambia umeweza sana. Kisha nikabaki nimesimama pale mpaka chai ikafurika.

Ilikuwa 2011, mwaka ule Ngome Kongwe ya Mombasa, yaani Fort Jesus, ilipoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia, na kikundi chetu kikaona nacho lazima kionyeshe kitu. Turubai za dukani hatukuziweza. Tulinunua kitambaa cha merikani, tukaiwamba kwenye fremu tulizogonga wenyewe, tukaipaka rangi ya ukuta iliyochanganywa na gundi ya mbao, mkono wa kwanza, msasa, mkono wa pili. Shangazi wa mwenzetu akatupa ua wa nyumba yake kule Kibokoni kwa siku tatu. Picha ndogo tukazining'iniza kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, kubwa tukaziegemeza ukutani.

Yangu ilikuwa kubwa: jahazi linaingia Bandari ya Kale, ngome nyuma yake, kama unavyoiona ukiwa ng'ambo, upande wa Mkomani. Nilijivunia mawe yale. Wiki nzima niliyamaliza kwa mawe.

Ijumaa baada ya swala ya alasiri akaingia mzee mmoja wa kikoi na kofia nyeupe, nahodha wa zamani. Nikamwamkia, akaitikia, akapita picha nyingine zote kama mtu apitaye sokoni na ajuaye anachotaka. Kwangu akasimama. Akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena. Mawe hakuyatazama.

"Mwanangu, chombo hiki chaenda wapi?"

"Chaingia bandarini, Babu."

"Na upepo watoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Tanga nilikuwa nimelitoa kwenye picha ya zamani, bendera nikaiongeza mwishoni kwa vile nilivyoiona siku ile pwani. Mzee akatoa kitambaa chake cha jasho, akaomba vibanio viwili, akakibana kwenye kamba palipokuwa wazi. Tukangoja. Uani mle upepo ulikuja kwa vipande, kwanza kona moja tu ya kitambaa ikainuka, ikaanguka, halafu chote kikafura kwa pamoja, na makaratasi yote ya kamba ile yakainamia upande mmoja.

"Watizama? Vyote vyafuata mmoja. Hapa bendera yakwambia kusi, tanga lakwambia kaskazi. Waliomo humu ndani washazama."

Akanionyesha foramali, ule mti unaoshika tanga, ikae vipi, kwa kidole, bila kuigusa rangi. Nikamwahidi nitairekebisha, inshallah. Akasema Jumapili atakuja na mjukuu wake kuiona.

Jumamosi jioni mgeni akaitaka, shilingi 4,000, na kesho yake asubuhi anasafiri. Kikundi kilikuwa na deni la rangi. Wenzangu walinitazama. Nikaifunga kwenye magazeti mwenyewe.

Mzee alikuja. Mjukuu alikuwa msichana wa miaka minane hivi, nywele zimesukwa kwa ajili ya matembezi. Akatazama ukuta mtupu.

"Imekwenda?"

"Imekwenda, Babu."

"Na upepo wake ule ule?"

Nikainamisha kichwa. Akampangusa mtoto jasho kwa kile kitambaa, akaaga.

Wiki iliyofuata nilikwenda Ngome Kongwe kuangalia merikebu zilizochorwa ukutani enzi za Wareno, kwa makaa na udongo mwekundu. Mistari ni ya mkono usiosoma kuchora. Nilikaa mbele yake muda mrefu, nikiwafikiria watu waliojua kila kamba ya vyombo vile kwa viganja vyao.

Tangu hapo nimechora majahazi mengi, na kila moja naliuliza upepo kabla sijalitia rangi. Lile moja liko nyumbani kwa mtu nisiyemjua, ukutani, na pengine analipenda.

Mchoro wa binti yangu bado uko kwenye friji. Ana miaka saba, na kila anayeingia jikoni anamvuta mkono aje auone. Jana nilishika penseli. Nikairudisha kikombeni.